Naomba ushauri: waliompa Idi Amin silaha walaumiwe?

Wakuu, Jumamosi nina mdahalo kuhusu Vita vya Kagera (Tanzania na Uganda ya Amin, 1978–79) na nimekwama. Upande wangu unasema waliompa Amin silaha wana lawama pia. Mwanzoni alisaidiwa na Israel na Uingereza. Alipowafukuza Waisraeli mwaka 1972, akategemea Libya na Umoja wa Kisovieti, ndiko zilikotoka ndege za MiG na vifaru. Babu yangu alipigana vita ile, na hadi leo akitaja daraja la Kyaka, lile la Mto Kagera, lilivyovunjwa sauti inamkauka. Kwake mkosaji ni Amin peke yake. Mimi nasema muuzaji alimjua mteja wake, maana wanajeshi wa Uganda wa makabila ya Waacholi na Walangi walishaanza kuuawa na utawala wake tangu 1971. Ila wapinzani watauliza: mbona nasi Watanzania tulipewa silaha na China? Hapo nijibuje?