Tupeane uzoefu: wenye magari ya zamani ya Kimarekani ya V8 (injini ya silinda nane), mnayaendesha au mnayafunika turubai?

MzeeWaChevelle
Wakuu, Jumamosi nilipita kwenye onyesho la magari huku Michigan, nikamkuta babu mmoja wa Kizungu kakaa nyuma ya Pontiac GTO ya 1967, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Nikamuuliza mara ya mwisho kaiendesha lini. Akaninyooshea kidole trela iliyoileta. Injini ya lita sita na nusu inabebwa kama mgonjwa!

Mimi Chevrolet Chevelle yangu ya 1970 naendea hata kununua maziwa. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ikishasafishwa na mvua, gari inatoka, wakianza kumwaga nyingine inarudi ndani. Mwenye uzoefu aweke hapa. Raha, hasara, na ile siku uliyotamani ungepanda basi.

DagaaMchele
Nilidhani mnaongelea V8 za waheshimiwa. Natoka taratibu.

KabuPipaNne
Huyo babu anaiua gari huku anaipangusa. Nilinunua Plymouth Road Runner ya 1969 hapa Ohio kwa mama mjane, marehemu aliifunika miaka na miaka. Rangi unajiona sura. Fungua sasa! Petroli imekuwa utomvu chini ya tangi. Mipira ya mafuta imepasuka, maana petroli ya siku hizi ina ethanoli na mipira ya zamani haiiwezi. Sili ya nyuma ya krenki imekauka, inavuja. Breki za magurudumu zimeshikana kutu kwa ndani, kwa sababu mafuta ya breki yananyonya unyevu hata gari likiwa limelala. Matairi yamekaa bapa upande mmoja, ukitoka usukani unakutetemesha mpaka meno.

Tangu niimalize natembea nayo kila wiki. Na siyo kuzunguka mtaa dakika tano halafu unazima. Hiyo ni mbaya kuliko kuiacha, maji yanabaki kwenye oili na ekzosi inaoza kwa ndani. Iende mpaka oili ipate moto wa kweli.

Binti_Raskazone
Umesema kweli tupu. Ya mume wangu ina turubai lake, ina feni yake, mimi sijawahi kuikalia.

NgongRd
Huku Nairobi kwa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse majaji wanaingia hadi chini ya gari. Nimeona mtu mzima akisugua difu na mswaki. Lakini V8 za Amerika zilishakuja kutembea huku kitambo. Mzee wangu alikuwa anasimulia zile Mercury Comet za mbio za magari za East African Safari za 1964, zilikuja na makelele, nyingi zikabaki njiani, na Ford Cortina GT ya Peter Hughes ikashinda. Kwa hivyo msitutishe na lita saba zenu.

MzeeWaChevelle
Mercury ni Ford na Cortina ni Ford. Mzee alikuwa anamzomea nani?

Mkurya_Denver
Uzi huu umenigusa kidonda.

Mustang ya 1966, V8, gia nne za mkono, breki za dramu magurudumu yote. Nilikuwa na mama watoto pamoja na shemeji aliyetoka Musoma wiki hiyo hiyo, nikasema ngoja nimwonyeshe milima. Huku Colorado, ukitoka Eisenhower Tunnel kwenda Silverthorne uko juu ya futi 11,000, na unateremka tu. Wasiojua: Mustang ya 1966 ina masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya chumba kimoja. Vyumba viwili vilikuja 1967. Maana yake mpira mmoja wa breki ukipasuka, umepoteza breki za magurudumu yote manne, hakuna akiba.

Nikakanyaga kabla ya kona, pedali ikalala sakafuni. Nikapampu, hakuna kitu. Mpira wa mbele umepasuka, tena mpya, duka silitaji. Nikarudisha gia ya tatu, injini ikapiga kelele, mwendo ukapungua kidogo. Ya pili ikagoma kuingia. Hendibreki ya gari hizi ni mpini uko chini ya dashibodi, unauvuta kwa mkono wa kushoto, na inashika nyuma tu. Nikauvuta mpaka moshi ukaanza kuingia ndani. Shemeji nyuma anarekodi video, anacheka, anadhani ndivyo linavyoendeshwa. Mama watoto kimya. Kainama, kavua viatu, kaviweka mapajani.

Mbele yangu lori limewasha hazadi, linatambaa. Kushoto magari yamefuatana. Kulia nikaona ile njia ya kokoto waliyochimbia malori yaliyofeli breki. Nikaingia nayo.

Kwanza ni mlio, chini kote, usikie mwenyewe. Halafu vumbi, sioni boneti. Halafu gari ikazama mpaka ekseli, ikasimama, na milango ikagoma. Tulitokea madirishani. Askari wa barabara kuu akaja, akaizunguka mara mbili, akauliza ni ya mwaka gani. Akaomba nimfungulie boneti aone injini.

DagaaMchele
Nimerudi. Chai hii ina tangawizi na mdalasini. Viatu alivua vya nini?

Mkurya_Denver
Sijawahi kuambiwa. Njoo umuulize mwenyewe, na shemeji bado ana video.

Binti_Raskazone
Anayevua viatu garini anajiandaa kukimbia. Hakukuamini tangu mnatoka nyumbani.

MwenyeNambaZake
Ndiyo maana gari la thamani linakaa maonyeshoni. Rangi ya kiwandani umeipigia kokoto, ukauze kwa nani?

KabuPipaNne
Nani kasema anauza? Masta silinda ya vyumba viwili na diski za mbele, wikendi moja imekwisha. Na mpira wa breki kagua kila mwaka, mpya au mzee.

MwenyeNambaZake
Ukishaweka diski hiyo si ya 1966 tena. Mwenye kutaka diski anunue Camry.

KabuPipaNne
Wewe yako ya mwisho kuiwasha lini?

MwenyeNambaZake
Haikuhusu.

Kigamboni_Kwanza
Hela za kununua mikweche huko mngejenga nyumbani. Mnazeeka na kabureta.

Mkurya_Denver
Nimejenga. Mpangaji ndiye halipi.

Muscat_Mkwajuni
Yakhe, huku Oman shida si breki, ni jua. Dodge Charger yangu ikikaa foleni mwezi wa sita, petroli inachemka ndani ya paipu kabla haijafika kwenye kabureta, inakatika hapo hapo. Bana vibanio vya nguo, vile vya mbao, juu ya paipu. Inakwenda.

KabuPipaNne
Vibanio ni uchawi. Sogeza paipu mbali na manifoldi, uizungushie kinga ya joto.

Muscat_Mkwajuni
Uchawi umenifikisha Nizwa na kunirudisha.

NgongRd
Na mimi nikitaka kuleta Mustang Mombasa?

MzeeWaChevelle
Kwenu gari lililozidi miaka 8 haliingizwi, na la usukani wa kushoto hawasajili. Baki na Peugeot 504 yako, tena iendeshe.

Jingine wakuu, someni bima zenu. Nyingi za magari ya kale hazitaki uende nayo kazini. Na namba za usajili za magari ya kihistoria za Michigan zina masharti mwaka mzima isipokuwa Agosti, mwezi huo unakwenda popote. Jumamosi ya tatu ya mwezi huo nitakuwa barabara ya Woodward, nje kidogo ya Detroit, kwenye ule msafara wao mkubwa wa magari ya kale. Kiti cha nyuma kipo, mchango ni petroli.

Mkurya_Denver
Tunakuja. Mama watoto anauliza breki za mbele ni diski?

MzeeWaChevelle
Diski. Avae viatu vya kamba.

Mgeni_Ubungo
Samahani wakubwa, IST yangu inachemsha nikiwa foleni ya Ubungo, feni inazunguka vizuri. Nimeuliza mahali pake?

DagaaMchele
Weka vibanio.