Nina miaka 66, magoti mabovu na presha: naweza kuanza yoga sasa?

Dereva Mstaafu, Morogoro

Habari za jioni ndugu zangu. Nimestaafu udereva wa malori, miaka 31 barabarani, mingi kati ya hiyo Dar hadi Tunduma. Mgongo umekakamaa na magoti yananiuma nikishuka ngazi. Vidonge vya presha nameza tangu 2017. Mwezi uliopita nilianguka bafuni. Sikuvunjika, ila nilikaa chini karibu robo saa nimeshindwa kuinuka, mpaka mjukuu aliposikia naita. Tangu siku hiyo naiogopa sakafu.

Binti yangu aliye Dar anasema nianze yoga, akanitumia video. Humo kuna kijana amepeleka mguu nyuma ya shingo. Mke wangu naye anasema hizo ni ibada za Kihindu, na yeye ni mzee wa kanisa, hataki ziingie nyumbani. Naomba mtu wa rika langu aliyefanya kweli aniambie: kwa umri huu inawezekana? Na hili la ibada likoje?

Kijana wa Kilosa

Shikamoo mzee, na pole. Mimi ningesema tembea tu. Baba yangu ana miaka 72, kila alfajiri anakwenda shambani kwa miguu na kurudi, yuko imara. Yoga sijaona mzee wa kwetu akifanya.

Mkunga wa Ngamiani, Tanga

Pole sana kaka yangu. Nimefika pale unaposema unaiogopa sakafu, nikaona nisilale kabla sijakujibu, maana hofu hiyo naijua.

Nina miaka 69. Nimekuwa mkunga miaka 36, nimeinamia vitanda vya kujifungulia usiku na mchana, na nilipostaafu mgongo ukaanza kudai chake. Nilipofika 63 nilikuwa naswali juu ya kiti. Dini inamruhusu asiyeweza, lakini wenzangu wakisujudu nami nimekaa, moyo ulikuwa unaniuma. Hicho ndicho kilichonipeleka kwenye yoga. Ujana sikuutafuta.

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa ghorofani, bibi wa Kigujarati, mzaliwa wa hapa hapa Tanga. Wakati ule alikuwa na miaka 78. Kila asubuhi nilikuwa namwona anapanda ngazi na kapu la sokoni bila kushika ukuta. Nikamuuliza anakula nini. Akacheka, akasema njoo kesho saa kumi na mbili na nusu, chai usinywe kwanza.

Yeye alijifunza Pune, India, alikokuwa akimtembelea dada yake, kwa njia ya B.K.S. Iyengar, mwalimu maarufu wa yoga wa India. Huyo bwana alizaliwa 1918, wakati wa ile homa kubwa ya mafua, akakua mtoto wa kuuguauugua. Alifariki 2014 akiwa na miaka 95, na uzeeni alikuwa bado anafanya mazoezi. Kwa watu kama sisi, faida yake kubwa ni kwamba alileta viti, mikanda, matofali ya mbao, mablanketi, hata kamba za ukutani, mwili usipofika usaidiwe kufika. Goti likikataa kukunjika, liwekee blanketi. Mkono usipofika mguuni, mpe mkanda. Mkanda wangu mimi ni kanga niliyoikunja kwa urefu, na kamba zangu ni nondo za dirisha la sebuleni.

Mwezi wa kwanza sakafu sikuigusa. Nilikaa kwenye kiti cha mbao, nyayo zote mbili chini, mgongo wima, bila kuegemea. Jaribu dakika tano uone kazi yake. Kisha kusimama tu, mkao wanaouita tadasana, yaani mlima: vidole vya miguu umevitandaza, uzito umeugawa sawasawa kati ya kisigino na kidole gumba, magoti hukuyasukuma nyuma. Nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa naelemea mguu wa kulia. Baadaye tukaja kwenye mti. Unasimama kwa mguu mmoja, mkono kwenye nondo, wayo wa pili umeuegemeza kwenye kifundo cha mguu uliosimamia. Usiuweke gotini, goti halitaki kusukumwa kwa ubavuni. Siku ya kwanza nilihesabu nne. Leo nahesabu 40 kila mguu nikisubiri maji ya chai yachemke.

Pumzi pia inafunzwa. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, yote puani, na wewe mwenye presha usiizuie katikati. Mimi hufanya dakika kumi kitandani kabla ya kulala.

Sasa hiyo sakafu yako. Weka kiti kizito, mgongo wake ukutani. Kile cha plastiki kinateleza, kiache. Mbele yake tandika blanketi ulilolikunja mara mbili. Shika kiti kwa mikono miwili, rudisha mguu mmoja nyuma, shusha goti lake taratibu juu ya blanketi, kisha goti la pili. Mikono ifuate chini, uwe kama mtu anayedeki. Halafu laza nyonga upande mmoja, ukae. Kuinuka ni njia ile ile kwa kurudi: lala ubavu, jisukume kwa mkono, rudi kwenye magoti na mikono, tambaa hadi kwenye kiti, weka mikono juu yake. Tanguliza mguu wenye nguvu, wayo wote uguse chini, ndipo ujisukume juu. Ukishafika, kaa kwanza kitini upumue. Usisimame moja kwa moja.

Bibi alinifanyisha hivyo mara tatu kila asubuhi, miezi miwili mizima, na nilichoka kuliko siku za kufua. Mama yangu mzazi alivunjika nyonga chooni akiwa na miaka 74. Alilala pale chini usiku kucha, sisi tukamkuta asubuhi. Siku niliyoinuka bila kushika kiti nililia, na bibi wa watu hakuniuliza kitu, akanipa maji.

Mwezi wa nane nilikirudisha kiti jikoni nikaswali mkekani. Goti la kushoto nimeliwekea kitambaa hadi leo, na siku za baridi hunisumbua. Kwa hiyo sikuambii utapona kila kitu.

Kuhusu ibada, mkeo ana haki ya kuuliza. Yoga imetoka India, imekulia ndani ya dini za huko, hilo tusilifiche. Wapo wanaotamka mantra humo, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, na kwao ni ibada kweli. Hata wakubwa wa dini yangu hawakukubaliana: Malaysia baraza la fatwa liliikataza mwaka 2008, Indonesia mwaka uliofuata waliikataza ile yenye mantra na taratibu za ibada, wakayaacha mazoezi matupu ya mwili, na Saudi Arabia mwaka 2017 wakaitambua kuwa mchezo. Mimi nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu, nikamweleza kila ninachofanya. Akaniuliza, "Unatamka nini?" Nikamjibu nahesabu tu. Akasema endelea. Bibi alikuwa na sala zake nami zangu, na hakuwahi kuniomba nitamke neno. Basi mwite mama aone kwa macho yake. Kama moyo wake bado mzito, mwendeeni mchungaji wenu pamoja, mkamweleze kila hatua.

Viungo na Mifupa, Dodoma

Shikamoo mzee, shikamoo mama mkunga. Nafanya kazi ya fiziotherapia na hayo maelezo ya kushuka na kuinuka ndiyo tunayowafundisha wagonjwa wetu. Naongeza machache.

Mzee, uliteleza kwa maji au kizunguzungu kilitangulia? Tofauti hiyo ni kubwa. Kikiwa kizunguzungu, muone daktari kabla ya zoezi lolote.

Mwenye presha ya macho asifanye mkao wa kuweka kichwa chini ya moyo, na presha ya damu isiyotulia vilevile. Mwenye mifupa iliyodhoofika, hasa akina mama waliokoma hedhi, asijikunje mbele kwa kuuviringa mgongo wala kujisokota kwa nguvu, pingili za uti wa mgongo zinaweza kupasuka. Ainamie nyongani, mgongo ubaki umenyooka. Msuli kuvutika ni sawa. Mchomo ndani ya kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, ni ishara ya kuacha hapo hapo.

Na ndugu wa Kilosa hajakosea kuhusu kutembea. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka. Lakini linataka pia mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba, siku tatu au zaidi kwa wiki. Anayetembea tu, hata awe na pumzi nzuri, anaweza kukosa nguvu za mapaja za kumwinua kutoka chini.

Dereva Mstaafu, Morogoro

Nimerudi baada ya wiki tatu. Yalikuwa maji ya sabuni, niliteleza. Hata hivyo nilikwenda kupimwa, daktari akaniruhusu.

Mke wangu alinitazama siku nne akiwa mlangoni. Ya tano akavuta kiti chake akakaa kando yangu. Sasa tunaanza na Zaburi, anasoma yeye, ndipo tunakaa wima na kuhesabu pumzi. Anasema bega lake la kulia linamsumbua muda mrefu, sikuwa najua.

Jumamosi nilishuka sakafuni kwa mara ya kwanza, mjukuu ameshika kiti. Nikainuka. Nilikaa pale kitini nimemshika yule mtoto mkono na sikuweza kusema. Dada yangu mkunga, ahsante.

Yapo mawili. Mguu wa kulia ndio unaonipandisha, wa kushoto hauna nguvu kabisa. Na asubuhi nikisimama haraka naona giza kidogo.

Mkunga wa Ngamiani, Tanga

Alhamdulillah! Nimemsomea bibi kwa simu, sasa ana miaka 84 na yuko Dar kwa mwanawe. Anakusalimu.

Hilo giza usilinyamazie. Mwambie daktari akupime presha umekaa, kisha akupime tena umesimama, na umtajie saa unayomeza vidonge. Wakati ukisubiri kumwona, fanya mazoezi jioni. Asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha vifundo vya miguu, hesabu thelathini, ndipo usimame.

Mguu wa kushoto: kaa kwenye kiti ulichokitandika mablanketi mawili, kiwe kirefu. Rudisha wayo wa kushoto nyuma kidogo, wa kulia utangulie mbele. Inuka hivyo, mikono kifuani. Mguu ulio nyuma ndio unaobeba mzigo, kwa hiyo wa kushoto utalazimika kufanya kazi. Mara tano, pumzika, mara tano tena. Ikishakuwa rahisi ondoa blanketi moja. Mimi ilinichukua wiki sita kuyaondoa yote mawili.

Mtoto asishike kiti, ukimwelemea mtaanguka wote. Kisukume ukutani.

Na mama, hilo bega linamuuma akiinua mkono juu, au akipeleka mkono nyuma kufunga nguo? Usiku akililalia je? Mwambie aniandikie mwenyewe.