Naomba ushauri: kurekodi watoto wasiokariri mistari, kama kwenye Outnumbered

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa komedi fupi ya familia, wazazi wawili na watoto watatu, kwa mtindo wa Outnumbered, komedi ya runinga ya BBC ya Uingereza. Kule Andy Hamilton na Guy Jenkin waliandika skripti, ila watoto wadogo hawakukaririshwa: walielezwa wazo la tukio muda mfupi kabla ya kurekodi, kisha wakajibu kwa maneno yao. Ndiyo maana ubishi wao na wazazi unasikika wa kweli, na mzazi kweli anabaki mdomo wazi.

Shida yetu ni uhariri. Tukirudia tukio, mtoto anasema jingine kabisa, kikombe kimehamia mkono wa pili, jibu la mama halishikani na swali. Tumejaribu kamera mbili kwa pamoja, moja kwa mtoto na moja kwa mzazi, zote fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50. Picha zinaungana vizuri. Sauti ndiyo inagoma: maiki ya juu (inayoning'inizwa juu ya waigizaji) inachanganya sauti za wote wanaoongea kwa wakati mmoja, na maiki za kifuani zinakwaruzwa na nguo (watoto hawatulii!). Kuwaambia wasubiriane kunaua utamu wote.

Naomba kujua:

Maiki za kifuani kwa watoto mnazifunga wapi na kwa kitu gani ili zisikwaruzwe? Au bora kuficha maiki mezani?

Na picha za kuzibia mkato (mfano mikono au kikombe, za kuficha pale vipande viwili visiposhikana) mnazichukua kabla au baada ya tukio, mtoto akiwa bado na hamu?