Nimeanza kusaga karanga hapa Busia: watu wa kunishika mkono niwatafute wapi?

Mama wa Karanga, Busia

Habari zenu ndugu zangu. Huu ni mwezi wa nne tangu niache kazi ya kuuza katika duka la jumla na kuanza biashara yangu ya kusaga karanga na kuuza siagi yake hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nina mashine moja, binti mmoja anayenisaidia kuchambua na kukaanga, na mtaji niliojiwekea kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Siku ya kufungua kibanda watu walijaa: ndugu, majirani, wenzangu wa kanisani. Walininunulia, wakanipongeza, wakapiga picha. Kufikia mwezi wa pili kila mtu alikuwa amerudi katika shughuli zake, na siwalaumu.

Kilichonifanya niandike ni jambo la wiki iliyopita. Mashine ilizima nikiwa katikati ya kilo 20 zilizoagizwa na shule moja. Nikakaa juu ya gunia, simu mkononi, nikipitia majina kuanzia la kwanza hadi la mwisho, nisimwone hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia, "Nimepatwa na hili, nifanye nini?" Majina yenyewe yalizidi 300. Mume wangu anafanya kazi Tororo na hunitia moyo kila jioni, lakini hajui mota wala karanga. Vikundi vitatu vya WhatsApp nilivyojiunga navyo vimejaa salamu na matangazo.

Naomba kuuliza: anayeanza awatafute watu wa namna gani, na awaendee vipi bila kuonekana ombaomba? Je, nijiunge na kikundi cha akiba au na SACCO? Na ndugu je? Wawili wamekwisha kuchukua siagi kwa mkopo, na sijui nitawaambia nini wa tatu akija.

Mzee wa Nafaka, Mbale

Mwanangu, pole kwa mashine, na hongera kwa kuthubutu. Nimeuza mahindi na maharagwe kwa miaka 22, na jibu langu huenda lisikupendeze mara moja: mtu wa kwanza unayemhitaji ni yule unayemwogopa, yaani yule anayesaga karanga mtaa wa pili.

Katika miaka yangu ya mwanzo mizani yangu ilikatika siku ya soko, saa tatu asubuhi, wateja wamesimama na magunia yao. Mbele yangu palikuwa na muuzaji mwenzangu ambaye nilikuwa sijamsalimu karibu mwaka mzima, kwa kuwa alikuwa ameshusha bei ya maharagwe. Alinitazama kidogo, kisha akaiburuta mizani yake mpaka katikati ya njia, sawasawa baina ya vibanda vyetu, na tukapima kwa zamu hadi jioni. Hakusema neno lolote kuhusu bei, nami sikusema. Tangu hapo tunakodi lori moja tunapokwenda kununua mzigo, na oda ikinizidi humwita yeye aijaze. Bei ya kuuzia kila mtu hupanga yake.

Kwa hiyo nenda kwa huyo jirani, lakini usiende na ombi la fedha. Nenda na swali la kazi: "Mota yako hutengenezwa na fundi gani?" Swali kama hilo humpa heshima anayeulizwa, na hakuna anayeliita kuomba. Nawe uwe na kitu cha kumwachia, hata kama ni kumwambia tu mahali ulikopata karanga kavu wiki hii, maana mkono mtupu haulambwi.

Ukishampata fundi, mlipe kabla mashine haijafa. Aje kila mwezi kukagua beringi na mkanda, na ujira wake umpe siku hiyo hiyo. Fundi asiyedai deni hupokea simu hata usiku.

Nitalieleza zaidi suala la wakulima, kwa sababu katika biashara yako hapo ndipo penye hatari. Karanga zinazoanikwa juu ya udongo mtupu, au zinazotiwa ghalani kabla hazijakauka vizuri, huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kusaga. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu ipite mikrogramu 10 kwa kilo, na kiasi hicho jicho haliwezi kukiona. Mkulima anayeanika juu ya turubai, tena akakuambia kwa kinywa chake, "Mama, gunia hili lilinyeshewa, usilichukue," huyo ni mwenzako katika biashara kuliko mtu yeyote aliyepiga picha siku ya ufunguzi. Mtembelee shambani wakati wa mavuno, na msimu ukipita nunua kwake hata debe mbili ili asikusahau. Wengi wao wamekopa kupitia SACCO za parokia (hapa ni eneo la utawala wa serikali, si la kanisa) tangu mpango wa maendeleo ya parokia ulipozinduliwa mwaka 2022, mkopo ambao kwa kawaida hufika shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja, na wanamtafuta mnunuzi wa uhakika kama unavyomtafuta muuzaji wa uhakika.

Mweka Hazina, Jinja

Shikamoo Mzee, nakubaliana nawe kuhusu jirani. Dada, mimi nijibu la akiba na la ndugu, kwa kuwa nimeshika daftari la kikundi chetu kwa miaka sita.

Anza na kikundi kidogo cha kuweka na kukopa kabla ya SACCO. Chetu kina wanachama 24. Kila wiki mtu hununua hisa kuanzia moja hadi tano, fedha hutiwa katika kasha lenye makufuli matatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Mwisho wa mwaka tunagawana kulingana na hisa za kila mmoja. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, ambao fedha zake hazichanganywi na za mikopo. Lakini faida kubwa niliyoiona mimi haimo kasha­ni. Watu wanaokuona kila wiki ukileta hisa mbili, hata wiki mbaya ukaleta moja, wanaijua tabia yako, na siku ukisema umekwama hawahitaji kuelezwa wewe ni nani. SACCO itakufaa baadaye, utakapohitaji mkopo mkubwa kuliko kasha.

Chagua kikundi kinachokutana karibu nawe na ambacho angalau watu watano ni wafanyabiashara. Kabla ya kutoa shilingi, omba kuhudhuria mara mbili kama mgeni, utazame jinsi wanavyomtendea aliyechelewa kulipa. Kikundi kinachomtukana mtu mbele ya wenzake, usijiunge nacho.

Neno jingine, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona wengi wakipotea hivyo: usiache kuhudhuria misiba kwa kuwa sasa una kibanda. Baganda wana munno mukabi, yaani mwenzako katika shida, na kule Kigezi wana vikundi vya engozi vilivyozoea kumbeba mgonjwa kwa machela kumfikisha hospitalini. Watu wetu wamezoea kubebana kwa zamu. Anayejitoa katika zamu kwa sababu ya biashara hujikuta peke yake mashine inapozima. Funga nusu siku, nenda, chota maji, rudi.

Kuhusu ndugu, mimi sikopeshi bidhaa. Kila mwezi natenga kiasi cha zawadi, kwa upande wako yaweza kuwa makopo manne, na yakiisha nasema wazi kuwa ya mwezi huu yamekwisha. Kwa hao wawili waliokwisha kuchukua, hesabu ni zawadi na usiwadai. Ndugu waombe vitu ambavyo fedha haivinunui kirahisi. Mama mkwe wangu hukaa na watoto kila siku ya mnada, na bila yeye nisingekuwa na duka.

Msajili wa Zamani, Kampala

Sitarudia yaliyosemwa. Nitaongeza tu kwamba baadhi ya watu wa kukushika mkono wako ofisini, na wengi huwakimbia bure. Sajili jina la biashara kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na upate namba ya mlipakodi. Kisha waulize UNBS, shirika la viwango la taifa, mapema kuhusu masharti ya alama ya ubora, hata kabla hujawa tayari, kwa sababu maduka makubwa huiuliza na kukarabati chumba mara mbili ni gharama. Enterprise Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2001, hutoa mafunzo ya ujasiriamali. Chama cha wanawake wajasiriamali, UWEAL, kipo tangu mwaka 1987, na humo utakutana na wanawake waliokutangulia katika usindikaji wa vyakula.

Kwa kuwa uko mpakani, wafahamu pia akina mama wanaovuka kila siku. Wao wanaujua vyema utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ya bidhaa zilizo katika orodha, kuliko nitakavyoweza kukueleza hapa. Na tafadhali, mtu akija na mkopo wa haraka akitaka kushika kitambulisho chako cha taifa, usimpe.

Mama wa Karanga, Busia

Nawashukuru sana. Mzee, nilisoma jibu lako usiku, na asubuhi nikaenda mtaa wa pili kabla woga haujanirudia. Nilimkuta yule mama akipepeta. Nilimuuliza kuhusu fundi kama ulivyonielekeza. Hakunijibu upesi, alinivutia kigoda kwanza, akanipa ungo, tukapepeta pamoja karibu robo saa. Kisha akaniambia kuwa mota yake nayo iliwahi kuungua mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuwa akisaga karanga zikiwa bado za moto, nami nimekuwa nikifanya hivyo hivyo tangu nianze. Fundi wake anakuja kwangu Alhamisi. Kilo tisa za shule zilizokuwa zimebaki alinisagia yeye, akakataa malipo, akasema nimletee taarifa nikipata karanga nyekundu zilizokauka.

Dada wa Jinja, mama huyo yumo katika kikundi cha akiba kinachokutana Jumanne nyuma ya soko. Nimeomba kuhudhuria kama mgeni.