Mume wangu kapita intavyuu ya uraia lakini haitwi kuapa awe raia, mliopitia mlifanyaje?

MkeWaMvita:
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Mie nshapata uraia wa Marekani kitambo, mume wangu ni mtu wa Mombasa, ana grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) kupitia ndoa yetu, tukatuma N-400, ile fomu ya kuomba uraia, akaitwa intavyuu hapa Ohio, Kiingereza kapita, maswali ya serikali na historia kapita, afisa akampa ile karatasi ya N-652 ya matokeo ya intavyuu ila kisanduku kilichotiwa alama ni kile cha kwamba uamuzi hauwezi kutolewa kwa sasa. Tangu hapo kimya. Ramadhani imekuja imeenda, watoto wamefunga shule wamefungua, stetasi onlaini ni ile ile, ukipiga simu unaambiwa subiri.

Mamake yuko Kisauni kule Mombasa na hajiwezi, anataka kwenda kumuona lakini anaogopa akiwa huko ataitwa kuapa akose, tena grini kadi yenyewe ishaekspaya. Kununua nyumba, tungoje. Kubadilisha kazi (anaendesha trela), tungoje. Kila jioni nikimuuliza kama kuna barua anakasirika, nisipouliza naona kama nimemwachia mzigo peke yake. Naomba mnieleze, mlisukuma wapi na nyumbani mlikaaje?

Msafiri_Houston:
Pole sana dada. Kitu cha kwanza angalia tarehe ya intavyuu, maana ndiyo muhimu kuliko zote. Sheria inasema kama siku 120 zimepita tangu intavyuu na watu wa uhamiaji hawajaamua, mwombaji ana haki ya kwenda mahakama ya federali (ya serikali kuu) ya pale anapoishi, jaji anaweza kuamua mwenyewe au kuwarudishia na maagizo. Watu wengi wetu hawaijui hii wanakaa miaka wanaambiwa background check, yaani bado wanachunguzwa. Na majina yetu ya pwani ukijiita Mohamed Ali mko wangapi duniani, mi naamini hapo ndipo wengi wanapokwama ingawa hakuna atakayekuandikia hivyo.

Kabla ya mahakama anza na ofisi ya mbunge wenu wa Kongresi. Si lazima mumeo awe raia, ilimradi mnakaa jimboni kwake. Wana mtu wa kushughulikia mambo ya uhamiaji, mumeo atasaini fomu ya kuwaruhusu waulizie faili lake, haina malipo. Mi kwangu jibu la kwanza lilikuwa la jumla tu, halina msaada, nikakaa, nikaandika tena, mwishowe nikatafuta wakili. Ada ya kufungua kesi ni dola 405, wakili mbali na hapo. Serikali ikishapelekewa kesi ina siku 60 za kujibu, na mimi kabla hizo siku hazijaisha nikapata barua ya kuapa. Sisemi kwa kila mtu itakuwa hivyo.

BintiTanga:
Shem asafiri akamuone mama jamani. Kama mlituma N-400 kuanzia tarehe 12 Desemba 2022, ile barua ya risiti inaiongezea grini kadi miezi 24 kuanzia tarehe ya kuekspaya iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo anabeba vyote viwili, kadi na barua orijino, si picha kwenye simu, maana ukikutana na mtu wa shirika la ndege asiyeijua hiyo barua utahangaika uwanjani. Asikae nje zaidi ya miezi sita maana hapo ndo wanaanza kuuliza kama bado unaishi Marekani. Wewe ukibaki unafungua sanduku la barua na akaunti yake ya uhamiaji onlaini, tarehe ya kuapa ikija na yeye bado yupo huko mnaandika mapema kuomba tarehe nyingine, msinyamaze.

Bi_Mkubwa_wa_Minnesota:
Mwanangu, mie nataka kujibu la nyumbani, la makaratasi wenzangu wamelijua.

Usimuulize kila jioni. Mwanamume anayeulizwa kila siku kitu ambacho hana jibu lake anaona kama anashtakiwa ndani ya nyumba yake. Sisi na marehemu mume wangu tulichagua siku, Jumapili baada ya chakula, tunafungua akaunti pamoja, tunaandika kwenye daftari nani kapigiwa simu na kasema nini, tunafunga. Siku nyingine hata neno uraia halitajwi. Lile daftari lilikuja kumsaidia wakili pia.

Na hilo la nyumba, mbona mnangoja? Mwenye grini kadi anakopeshwa na benki. Kazi nyingine pia anaweza kuchukua. Uraia utamwongezea kupiga kura na pasipoti na kutoogopa, na hayo ni makubwa, lakini msiuachie na vitu ambavyo hauvihusu. Kaa na mumeo mwandike yapi kweli yanahitaji uraia, utashangaa ni machache. Mkihama tu mtoe taarifa ya anwani ndani ya siku 10, hiyo ni sheria, na barua isije ikaenda kwa wenyewe wengine.

MkeWaMvita:
Bi mkubwa umenitoa machozi, Mungu amrehemu marehemu. Jumapili hii tunaanza. Tiketi ya Mombasa naanza kuitafuta leo. @Msafiri siku 120 zimepita zamani, ila mume wangu anasema kuishtaki serikali si ndio tutajiharibia kabisa? Kenya uraia wake haupotei maana katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, anachoogopa ni huku.

Msafiri_Houston:
Hofu yake naielewa, hata mimi nililala nayo. Lakini njia hiyo imewekwa na sheria yenyewe, hamwombi wampe uraia kwa nguvu, mnaomba waamue. Tahadhari moja tu, kesi inalazimisha jibu na jibu linaweza kuwa hapana, kwa hiyo wakili asome kwanza faili lake lote, ombeni nakala uhamiaji, kama kuna faini ya barabarani, kodi au safari ndefu aliyosahau kuandika ijulikane kabla. Faili likiwa safi, fungueni kesi. Na aende kwa mama kwanza, wakili anaweza kuandaa makaratasi yeye akiwa Kisauni.