Dawa za kifafa zinapokatika zahanatini: tuanzie wapi?

Tabibu_Ulanga ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni tabibu katika zahanati ya kijijini wilayani Ulanga, mkoani Morogoro. Wanaofuatilia magonjwa ya ubongo wanaifahamu Mahenge, kwa kuwa Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha hapa kliniki ya kifafa katika miaka ya 1960 na kuwaona watoto wenye ugonjwa wa kusinzia kichwa (kichwa cha mtoto huanguka mbele tena na tena kama anayesinzia) miongo kadhaa kabla ugonjwa huo haujavuma Uganda na Sudan Kusini. Watafiti wamekuja hapa kwa vipindi vingi tangu wakati huo. Hata hivyo fenobabitoni, dawa ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani inaweza kumtosha mgonjwa mwaka mzima kwa gharama isiyofika dola 5 za Marekani, huisha kabatini, na watu waliokwisha kutulia huanza kuanguka upya. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi shambani aliletwa kwangu akiwa ameungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, kwa sababu alianguka penye mafiga siku chache baada ya vidonge vyake kwisha.

Shirika hilohilo linaeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Naomba kujua, wenzangu mliofanikiwa kuwaweka wagonjwa kwenye dawa bila kukatika mmefanyaje, na utafiti uelekezwe wapi ili faida yake ifike hadi zahanati kama yangu?

Muuguzi_Pwani amejibu:

Pole na kazi, Daktari. Kabla ya kulaumu mtu yeyote, tazama namna oda yako inavyokokotolewa. Katika kituo nilichofanya kazi hapa Kilifi, Kenya, tulikuwa tunaagiza kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyopita, na dawa ikikosekana miezi miwili, daftari linaonyesha kwamba matumizi yalikuwa madogo, hivyo oda inayofuata inapungua, dawa inawahi kwisha tena, na kila mara idadi inazidi kushuka ilhali wagonjwa ni walewale. Tulipoacha utaratibu huo tukaanza kuhesabu vichwa, hali ilibadilika. Mtu mzima anayetumia miligramu 60 kila usiku anahitaji vidonge viwili vya miligramu 30, yaani 180 kwa siku 90. Orodhesha kila mgonjwa na dozi yake, jumlisha, ongeza akiba ya wagonjwa wapya, kisha uambatanishe orodha hiyo na oda. Zile siku ambazo kabati lilikuwa tupu ziondolewe kwenye hesabu ya wastani wa matumizi.

Jambo la pili ni kumweleza kila mgonjwa na mlezi wake kwamba fenobabitoni haiachwi ghafla. Anayeikatisha kwa mkupuo anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma, na hilo huua. Mwambie aje vidonge vikiwa vimebaki vya wiki mbili, asisubiri viishe.

Mama_Mlezi amejibu:

Naomba niseme kwa upande wetu wenye wagonjwa. Binti yangu alianza kuanguka akiwa darasa la tatu. Tulimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji kwa sababu alikuwa jirani na alitusikiliza, wala sioni haya kulisema. Hospitali ilikuwa mbali, na nauli ya kwenda na kurudi ilizidi bei ya dawa yenyewe. Shuleni alipoanguka, wenzake walikimbia wakiamini kwamba povu lake linaambukiza, na mwalimu akaniomba nimweke nyumbani kwanza hadi apone. Hakuna aliyemlaza ubavu wala kumwondolea vitu vya kumuumiza, bali mmoja alijaribu kumtia kijiko mdomoni, jambo ambalo nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ni la hatari. Kwa hiyo, Daktari, dawa ikae zahanatini hapo kijijini, na walimu wafundishwe. Kwetu sisi hayo mawili yanakwenda pamoja.

Mtafiti_Afya amejibu:

Naelewa uchungu wa muulizaji, lakini nisingependa tuone kwamba utafiti haukuleta kitu. Uchunguzi uliofanywa Kilifi (Kenya), Ifakara (Tanzania), Iganga na Mayuge (Uganda), Kintampo (Ghana) na Agincourt (Afrika Kusini), na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kifafa Afrika inahusiana na mambo yanayozuilika: matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na vimelea. Huko Mahenge kwenyewe kifafa kimeonekana kuwa kingi zaidi katika vijiji vyenye usubi mwingi, yaani ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na inzi weusi. Kaskazini mwa Uganda, ivermektini, dawa ya usubi, ilipogawiwa mara mbili kwa mwaka na mazalia ya inzi weusi kwenye mito yakatiwa dawa, watoto wapya wenye ugonjwa wa kusinzia kichwa waliacha kuonekana. Maridi, Sudan Kusini, wanakijiji wenyewe walifyeka mimea kwenye bwawa ambamo inzi hao walizaliana.

Ninachokubaliana nawe kabisa ni kwamba usafirishaji wa dawa nao ni suala la kisayansi, nalo limepuuzwa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 hadi 2031 unataka asilimia 80 ya wenye kifafa wafikiwe na dawa, na lengo hilo halitatimia kwa kununua mashine za kupima umeme wa ubongo mijini pekee. Kifafa cha degedege la mwili mzima, tabibu aliyefunzwa anaweza kukitambua kwa maelezo ya shuhuda na kuanza matibabu. Kila mradi unaoingia kijijini ungepaswa kueleza tangu mwanzo nani atawapa wagonjwa wake dawa siku watafiti watakapoondoka, na kamati za maadili ziukatae usiposema.

Tabibu_Ulanga:

Nawashukuru sana. Nitaanza na hiyo hesabu ya vichwa, kisha nipeleke orodha kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Swali moja limebaki: fenobabitoni ikikosekana, mara nyingine tunaletewa valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Je, niwape wasichana?

Muuguzi_Pwani:

Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba usimwanzishie valproeti, kwa sababu inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mpigie daktari wa wilaya kuhusu kabamazepini, ambayo nayo ni dawa ya kifafa, ukimweleza ni degedege la aina gani. Na ambaye tayari anatumia valproeti asiikatishe mwenyewe; mpe rufaa abadilishiwe polepole.