Mada: Dawa ya miti "iliyopimwa maabara" iruhusiwe kuuzwa kama tiba ya saratani?

Mtoa mada: Wadau, juzi stendi kijana kanishikisha chupa ya maji ya mizizi. "Mzee, hii imepimwa maabara, inaua saratani." Huenda kweli ilipimwa. Lakini kilipimwa nini?

Nimewahi kuifanya kazi hiyo. Unasaga majani, unaloweka kwenye methanoli (aina ya alkoholi yenye sumu), unachuja, unakausha. Bakteria unawapaka kwenye kisahani cha agari (jeli ya kuoteshea vijidudu), unatoboa kishimo, unatia dawa, unaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi ukikuta duara safi limezunguka kishimo, yaani hapo bakteria hawakuota, unachukua rula kulipima. Milimita 18, chumba kizima shangwe! Sasa bibi yangu mizizi aliichemsha kwa maji, methanoli hakuijua. Tulichopima sisi sicho alichokunywa yeye. Tena hao ni bakteria, si saratani. Na hata seli za saratani ukiziweka kwenye kisahani, jiki inaziua. Utainywa?

Mimi nasema neno "inatibu" lipigwe marufuku mpaka dawa ijaribiwe kwa binadamu.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unabana sana. Vinkristini wanayochomwa watoto wenye saratani ya damu imetoka kwenye kile kiua cha pinki cha Madagaska tunachopanda uani. Na dawa mseto ya malaria? Tu Youyou, Mchina aliyepata Nobeli 2015, alihangaika na mmea wake hadi kitabu cha kale kikamwonyesha: loweka kwenye maji, kamua, unywe. Kuchemsha hakukutajwa. Akaacha joto kali, akatumia etha (kimiminika kinachochemka kwa joto dogo), dawa ikajitokeza. Hapo nani alikuwa anakosea, mganga au maabara?

Mtoa mada: La Tu Youyou nimelimeza. Ila kiua chako kilisifiwa kwa kisukari. Miaka ya 1950 huko Kanada walipokijaribu kwa wanyama, sukari haikushuka, zikashuka chembe nyeupe za damu. Ndipo wakaifikiria saratani ya damu, ambayo huzidisha chembe hizo. Bila kipimo tungekuwa bado tunawanywesha wenye kisukari. Na usikitafune, vinkristini inaharibu neva, dozi yake ni ya kuhesabu miligramu.

Mchangiaji wa pili: Mnabishana vizuri, ila mzee aliyewaonyesha mti simsikii humu. Mnamfuata kijijini, anawapa jina, mnachimba, mnaandika ripoti, kimya. Mtoa mada, zile milimita 18, ulirudi kumwambia?

Mtoa mada: Sikurudi.